Hata chura aliandaliwa mahali pa kurudi

Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Methali hii inapendwa sana, hasa na wenye nafasi wanapotaka kuwanyamazisha wanaolalamika. Lakini yupo chura mmoja, tena mdogo kuliko karibu wote tunaowajua, aliyeifanya methali hiyo iyumbe. Mlio wake husikika kwa shida hata kwa mtu aliyesimama karibu. Pamoja na hayo, aliwafanya wahandisi wa umeme, wataalamu wa maji, Benki ya Dunia na serikali ya Tanzania wamjadili kwa zaidi ya miaka kumi. Huyo ni chura wa Kihansi.

Nimeona nimwandike katika ukurasa huu kwa kuwa wasomaji wake wengi ni watu waliorejea kama mimi, na wengine ni wafanyabiashara wanaovuka kila wiki Manyovu, Kabanga au Rusumo. Sisi tunajua maana ya kuondoka mahali, na tunajua maana ya kurudishwa. Msomaji asinielewe vibaya: simfananishi mtu na chura. Ninacholinganisha ni maandalizi. Nataka tujiulize, mahali pa kurudia hutayarishwa namna gani, na nani hulipa gharama pasipotayarishwa.

Kwanza tumjue mwenyewe. Kihansi ni mto unaoshuka kutoka milima ya Udzungwa nchini Tanzania, upande wa mikoa ya Iringa na Morogoro. Unapofika kwenye ukingo wa mlima, maji huanguka ndani ya korongo jembamba, poromoko baada ya poromoko. Zamani maji hayo yalipopiga mawe yalirusha manyunyu usiku na mchana, masika na kiangazi. Manyunyu hayo yalilowesha miteremko ya pembeni, pakaota majani laini na mimea midogo iliyotandaza kama zulia. Hapo, na si mahali pengine popote duniani, ndipo alipoishi chura huyu. Makazi yake yote yalikuwa kama hekta 2 hivi. Kwa mtu wa mpira, hivyo ni viwanja vitatu.

Dume ni wa sentimita 1 au 2. Jike ni mkubwa zaidi, lakini hafiki sentimita 3. Rangi yake ni ya manjano. Hana masikio ya nje. Ngozi ya tumbo la jike ni nyembamba kiasi kwamba akiwa na mimba unaweza kuwaona watoto ndani yake. Naam, mimba. Vyura wengi tuliowazoea hutaga mayai majini, mayai yakawa viluwiluwi, na viluwiluwi wakaota miguu. Chura wa Kihansi hufanya hayo yote ndani ya tumbo. Huzaa watoto kamili wenye miguu minne, kati ya 5 na 16 kwa uzazi mmoja, kila mmoja akiwa na urefu wa milimita 5 hivi, mdogo kuliko punje ya mchele. Ndugu zake wa karibu, ambao nao wanapatikana katika milima ya Tanzania tu, huzaa hivyo hivyo. Mwaka 2025 wanasayansi walitangaza aina tatu mpya za ukoo huo, jambo linaloonyesha kwamba hata leo hatujamaliza kuwahesabu majirani zetu.

Wataalamu walimwona chura wa Kihansi kwa mara ya kwanza mwaka 1996. Mwaka 1999 alipewa jina lake la kisayansi, Nectophrynoides asperginis, na neno hilo la pili limetokana na manyunyu. Miongoni mwa waliomwandika alikuwamo Kim Howell, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tatizo ni kwamba alipogunduliwa, ujenzi wa mradi wa umeme wa Kihansi ulikuwa umekwisha kuanza. Mkopo ulishatolewa na mitambo ilishaingia mlimani. Mwenye nyumba alitambuliwa wakati nyumba inabomolewa.

Hapa niseme wazi kwamba siupingi umeme. Mimi nilizaliwa na kusoma Ulyankulu, mkoani Tabora, katika makazi ya wakimbizi wa mwaka 1972. Tulisoma kwa koroboi, pua zikijaa masizi. Mtu aliyefanya mtihani wa taifa kwa koroboi hawezi kudharau megawati 180, na hizo ndizo zilizotoka Kihansi mitambo ilipowashwa mwaka 2000. Viwanda vilizihitaji, hospitali zilizihitaji, na miji iliyokuwa imechoshwa na mgawo wa umeme ilizihitaji. Hoja yangu ni nyingine. Ili kupata umeme huo, maji ya mto yaliingizwa ndani ya njia iliyochimbwa chini ya mlima, na maporomoko yakanyang'anywa karibu asilimia 90 ya maji yake. Manyunyu yakakatika. Majani laini yakaanza kukauka, magugu na vichaka vikaingia mahali pake.

Wataalamu walifanya mambo mawili. La kwanza, walitandaza mabomba kwenye miteremko na kunyunyizia maji, ili binadamu afanye kazi iliyokuwa ikifanywa na maporomoko. La pili, mwishoni mwa mwaka 2000, walikamata vyura 499 na kuwapeleka Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx, jijini New York. Baadaye walitawanywa katika bustani kadhaa, na zilizoendelea nao hadi mwisho ni Bronx na ile ya Toledo, katika jimbo la Ohio.

Uhamishoni hakukuwa rahisi. Vyura walikufa kwa magonjwa, kwa minyoo, kwa chakula kisichowafaa. Kufikia mwaka 2004 waliobaki Marekani walikuwa chini ya 70. Walezi wao walijifunza polepole: manyunyu yawe ya namna gani, mwanga uwe wa namna gani, wadudu wadogo wa kuwalisha wawe wa aina ngapi. Kila chumba kiligeuzwa korongo dogo la Kihansi. Hapo ndipo wakaanza kuzaa, na hesabu ikapanda hadi maelfu.

Huku nyumbani mambo yalikwenda kinyume. Mabomba yalisaidia kwa muda, na mwezi Juni 2003 ilikadiriwa kwamba korongoni walikuwako vyura kama 20,000. Miezi michache baadaye walikuwa wanatoweka. Januari 2004 watafiti waliona watatu tu, na wakasikia madume wawili wakilia. Vyura waliokufa walikutwa na ugonjwa wa ngozi unaoletwa na aina ya kuvu iitwayo kitridi. Chura hunywa maji na kupumua kwa ngozi, kwa hiyo ngozi ikiugua, chura mzima ameugua. Kuvu hii imeangamiza vyura katika mabara mengi, na biashara ya kusafirisha vyura hai kutoka nchi hadi nchi ni moja ya njia zilizoisambaza. Mwaka 2009 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilitangaza kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini. Hakubaki hata mmoja kwao. Waliobaki wote walikuwa ugenini, ndani ya vizimba vya vioo.

Sasa fuatilia jinsi alivyorudishwa, kwa maana hapo ndipo penye funzo.

Hakupakiwa siku moja na kumwagwa korongoni. Kwanza palitafutwa maji: ilikubaliwa kwamba sehemu ya maji ya mto iendelee kushuka kwenye maporomoko hata kama kila tone ni umeme, na mabomba ya kunyunyizia yakatunzwa. Pili, ugonjwa ulichunguzwa, na wanaoingia korongoni wakatakiwa kusafisha buti na vifaa vyao kwa dawa. Tatu, mwaka 2010 vyura 100 waliletwa Dar es Salaam, wakakaa katika nyumba maalumu pale Chuo Kikuu, wakilelewa na Watanzania waliofundishwa kazi hiyo. Hapo walizaliana na kuzoea maji na chakula cha nchi yao. Nne, mazingira ya korongo yalipimwa kama yanaweza kuwapokea. Ndipo mwishoni mwa mwaka 2012 vyura wapatao 2,000 wakaachiliwa Kihansi. Kutoka kuondoka hadi kurudi ilikuwa miaka 12.

Wako waliocheka. Wako waliokasirika na kuuliza kwa nini fedha nyingi zitumike kwa vyura wakati watoto wanakaa chini darasani. Swali lao si la kipuuzi, na mwalimu hawezi kulipuuza. Lakini nadhani limeelekezwa pabaya. Ghali haikuwa chura. Ghali ilikuwa kuchelewa kuuliza. Kama miteremko ile ingekaguliwa vizuri kabla mradi haujachorwa, maji ya chura yangehesabiwa tangu mwanzo, na pengine pasingekuwapo safari ya kwenda Marekani wala ya kurudi. Kinga ni bora kuliko tiba, na tiba iliyochelewa hugharimu mara kumi.

Sasa tutazame upande wetu. Katika miezi ileile ya mwisho ya mwaka 2012, wakati vyura wanaachiliwa Kihansi, kambi ya Mtabila kule Kasulu ilikuwa inafungwa. Watu zaidi ya 30,000 walirudishwa Burundi katika muda wa miezi miwili tu. Kabla yao, kuanzia mwaka 2002 hadi 2009, karibu watu nusu milioni walikuwa wamerejea kutoka Tanzania, wakiwamo zaidi ya 50,000 wa makazi ya zamani ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wenzao wengi wa makazi hayo, zaidi ya 160,000, waliomba uraia wa Tanzania wakapewa. Nchi ile ilitupa ardhi ya kulima na shule za kusoma kwa miaka karibu 40, na asiyeshukuru kwa hilo hana fadhila.

Lakini waliorejea walirudi na nini, na walikuta nini? Wengi walirudi na blanketi, sufuria, mabati machache na chakula cha miezi michache. Kule Rumonge na Nyanza-Lac wengi walikuta mashamba ya wazazi wao yana watu wengine, ambao nao walikuwa wameishi hapo miaka 30 na kuzaa watoto. Watoto wetu waliosoma kwa Kiswahili na Kiingereza waliingizwa katika madarasa ya Kirundi na Kifaransa, na mwanafunzi aliyekuwa wa kwanza akageuka wa mwisho bila ya kupungukiwa akili. Mimi mwenyewe nilirejea mwaka 2009 na vyeti vyangu vya ualimu. Ofisi niliyovipeleka ilinizungusha kwa miezi mingi ikisema hawajui thamani yake. Mtaani tuliitwa Watanzania, kama vile tulivyoitwa Warundi tulipokuwa Tanzania.

Sisemi haya ili kufufua magomvi. Nasema kwa sababu kila kilichofanywa kwa chura yule kinaweza kutajwa kwa lugha ya binadamu. Maji ya manyunyu kwake ni ardhi kwetu. Nyumba ile ya Chuo Kikuu ni muda wa kuzoea lugha na mtaala. Kupima korongo kabla ya kumwachilia ni kuuliza kijiji kinachopokea watu kina visima vingapi na madawati mangapi. Kama wataalamu walijua kwamba kiumbe cha sentimita mbili hakiwezi kurudi mahali pasipoandaliwa, iweje familia ya watu wanane ionekane imerejea kwa sababu tu imeshushwa kwenye lori?

Na ukosefu wa maandalizi haumuumizi mtu peke yake. Hapa naomba nimlete chura wa pili, huyu wa kwetu kabisa.

Kusini mwa Burundi, juu ya milima inayotazama Ziwa Tanganyika, upo msitu wa Bururi. Ni kipande kidogo cha msitu wa asili kilichobaki katika nchi ambayo ni miongoni mwa zenye msongamano mkubwa wa watu barani Afrika. Mwaka 1949 wanasayansi walimpata humo chura mweusi mwenye madoa ya rangi ya bluu, urefu wake kama sentimita 4. Dume wake ana kidole kimoja kirefu kupita kawaida. Kwa sayansi anaitwa Cardioglossa cyaneospila. Baada ya hapo zikapita vita, mauaji na misafara ya wakimbizi, na mwanasayansi hakumwona tena. Wengi walidhani amekwisha. Desemba 2011, Wamarekani wawili, David Blackburn na Eli Greenbaum, waliingia msituni kumtafuta. Blackburn, aliyekuwa amezoea milio ya jamaa za chura huyo kule Kamerun, alisikia sauti usiku, akaifuata, akasogeza majani, akamkuta ameketi juu ya gogo. Ilikuwa miaka 62.

Chura wa Bururi hakupelekwa Marekani. Hakuhitaji bomba wala kizimba cha kioo. Aliishi kwa sababu msitu ulikuwapo na vijito vyake vilikuwa vinatiririka, hata wakati sisi wenyewe tulikuwa tumetawanyika. Huyo alihifadhiwa kwa bei nafuu kuliko zote, yaani kuachiwa mahali pake.

Lakini jiulize, nani anaishi pembezoni mwa misitu kama hiyo leo? Ni mkulima mwenye shamba dogo lisilotosha, na ni mrejea asiye na shamba kabisa. Mtu aliyerudishwa pasipo ardhi atatafuta pa kulima, na mteremko wa msitu hauna mwenyewe wa kumfokea usiku. Atatafuta kuni, na atachoma mkaa ili anunue chumvi. Siwezi kumhukumu mtu huyo, kwa kuwa njaa haina subira. Ila matokeo yake tunayajua: miti ikiondoka, kijito hukauka kiangazi na kufurika masika, na udongo wa mlimani huishia ziwani. Anayepoteza kwanza ni chura. Anayefuata ni mama anayechota maji chini ya mlima huo huo.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, kumwandalia mrejea na kuulinda msitu ni kazi moja. Kiongozi anayegawa ardhi kwa haki mabondeni anailinda pia Bururi mlimani, hata kama hajawahi kumwona chura wake. Na kiongozi anayewashusha watu kwenye lori na kuwaacha anaikata miti kwa mikono ya wengine.

Nina maombi matatu.

La kwanza ni kwa wenye miradi ya umeme. Tunauhitaji umeme, na miradi inaongezeka. Pale Rusumo, mpakani mwa Rwanda na Tanzania, mitambo ya megawati 80 inagawiwa kati ya nchi hizo mbili na Burundi. Huko Bururi kwenyewe upo mradi wa mito Jiji na Mulembwe. Kihansi imetufundisha kwamba uchunguzi wa viumbe na wa watu unatakiwa ufanywe kabla ya katapila kufika, na kwamba mto hauchukuliwi wote. Yaachwe maji yanayotosha kuufanya mto ubaki mto.

La pili ni kwa ndugu zangu wafanyabiashara. Ninyi ndio mnaojua njia zote, na bidhaa hufuata macho yenu. Mnapopakia mkaa au mbao, ulizeni zimetoka wapi. Mkaa wa miti iliyopandwa upo, na wa msitu wa akiba upo, na mnunuzi ndiye anayeamua upi ulipe. Tena akitokea mtu anataka kuwapa fedha mvushe vyura hai ndani ya ndoo, msikubali, hata akisema ni wa kuuzwa Ulaya. Ugonjwa wa Kihansi hauonekani kwa macho na haupigwi muhuri mpakani.

La tatu ni kwa walimu wenzangu. Mwaka jana niliwauliza wanafunzi wangu wanitajie wanyama wa Burundi. Wakataja simba na twiga, wanyama waliowaona vitabuni. Hakuna aliyetaja chura, ilhali usiku wanalala kwa sauti zao. Tuwafundishe watoto kusikiliza vijito vya nyumbani kwao. Mto ambao vyura wake wamenyamaza ghafla una tatizo, na atakayeligundua mapema ni mtoto anayeupita kila siku akienda shule.

Nimalizie kwa habari ya Kihansi ambayo wengi hawaipendi. Miaka mitatu baada ya vyura wale kuachiliwa, tathmini ya IUCN bado ilimweka chura huyo katika orodha ya waliotoweka porini. Kuachiliwa peke yake hakukutosha. Ili ahesabiwe kuwa amerudi, ni lazima aishi humo, azae humo, na watoto wake nao wazae humo bila ya kusaidiwa kila siku. Naona hicho ni kipimo cha haki, na ndicho ambacho wanaotuhesabu sisi tuliorejea wangepaswa kukitumia. Wasituhesabu siku tulipovuka mpaka. Watuhesabu siku watoto wetu watakapolima bila kufukuzwa, watakaposoma kwa lugha wanayoielewa, na watakapochota maji katika kijito ambacho bado kina vyura.